Niliwaita Waje Kumsaidia Kaka

Mwenzangu, mimi ndiye niliyewaita polisi. Mimi mwenyewe.

Kaka hajalala siku tatu. Leo asubuhi akajifungia jikoni, anabishana na ukuta. Kwenye simu niliwaambia ni mgonjwa, hana silaha. Nilisema mara mbili!

Wakaja wanne, wakavunja mlango. Alikuwa ameshika mwiko. MWIKO.

Wakamlaza chini, goti mgongoni, pingu. Nikapiga kelele, "Jamani, ni mgonjwa!" Mmoja akanijibu, "Dada, kwani sisi ni madaktari?"

Kaka hakupigana. Aliniangalia tu, akaniuliza taratibu, "Mdogo wangu, umewaambia nimefanya nini?"

Umewaambia nimefanya nini.

Wamempeleka kituoni, si hospitali. Nimekaa hapa jikoni, mlango uko sakafuni, hata machozi hayaji.