Bibi na Vigae Vyetu

Bwera, Jumanne

Tsongo wangu, mume wangu (neno hili bado nalitamka peke yangu na kutabasamu),

Nyumba yetu inang'aa. Vigae ulivyoniwekea kwa ajili ya harusi navipiga deki kila asubuhi nikikuwaza wewe huko Kasese. Maharage yameanza kutoa maua.

Bibi yako, aliyepanda milima ya Kyarumba maisha yake yote, anaogopa vigae. Alikuwa hanywi hata chai. Nilipombana akasema, "Mwanangu, nikinywa nitaenda msalani, na nikiteleza hapa siinuki tena." Wiki tatu amekaa kitini na kiu yake.

Jumapili nilimhamishia jikoni, nje, kwenye sakafu ya udongo isiyoteleza. Nikampelekea huko kitanda chetu. Mama Ithungu wa jirani akapaza sauti: "Bibi harusi, mwezi haujaisha umeshamtupa mzee jikoni!" Maneno hayo yatakufikia, na baba yako atayasikia.

Nisikilize mimi kwanza, mpenzi. Leo Bibi ametoka peke yake mpaka barabarani, akagombana na muuza nyanya, akarudi anacheka.

Nalala kwenye mkeka, nakuota wewe.

Mkeo,
Phionah