Pua ya Gari la Baba Yako

3 Machi

Mwanangu,

U mzima? Na huyo wa tumboni, bado anakupiga mateke? Mimi sijambo, ila gari la marehemu baba yako lina homa.

Nilitaka nije kabla hujajifungua. Ndiyo uzazi wako wa kwanza, uko peke yako, na basi unajua linavyonitapisha. Nikajaribu safari ndogo, nifike kinu cha nafaka tu, mshale wa joto ukapanda mpaka mwisho. Nikasimama kando nikingoja lipoe. Usingizi ukanichukua, nikamwona baba yako kiti cha pembeni anapuliza chai, hana haraka. Fundi wa hapa anasema gasketi imeungua, injini ifunguliwe, miezi miwili. Si utakuwa umeshazaa? Wewe ndiye fundi wangu, niambie.

Mama yako

14 Machi

Mama,

Shikamoo. Nina afya, ila siingii tena chini ya magari. Wenzangu gereji wananiita Lori.

Injini isifunguliwe kwanza. Asubuhi, ikiwa baridi kabisa, tazama maji ya rejeta. Kama hayapungui, na mafuta ya injini hayajawa kama maziwa, sidhani ni gasketi. Halafu iwashe uone kama feni inazunguka. Mwisho simama mbele ya gari, uniandikie kila unachokiona, hata cha kijinga. Lakini usijitese, Mama. Nitamudu.

Binti yako

26 Machi

Lori langu,

Marahaba. Huku kwema, magoti tu yananisema. Maji yamejaa. Mafuta ni meusi. Feni inazunguka. Mbele naona taa mbili na kitambaa.

Usinicheke. Nilikifuma mwenyewe, uzi mara mbili, kama cha redio na cha kabati. Tangu baba yako aondoke gari lilikuwa linameza vumbi, nikalionea huruma, nikaliziba pua. Kumbe nilikuwa nalinyima pumzi.

Nimekivua. Nimefika kwenye kinu, nikakipita, nikaendelea hadi kule barabara inakong'aa kama maji, na mshale umelala katikati. Nilijihisi kama naelea. Umeandika utamudu, lakini mwandiko wako unatetemeka. Kesho natoka.

Mama yako

27 Machi, mlangoni kwako

Mwanangu,

Nimefika salama. Jirani yako anasema uchungu umekushika alfajiri na wamekupeleka hospitali. Naacha karatasi hii tusije tukapishana.

Nilisimama njiani mara moja, si kwa joto, ni machozi tu, sikuwa naona barabara. Sasa injini inapoa, inagonga ti, ti, ti, nami nimeegemeza mkono kwenye boneti, vuguvugu kama mgongo wa mtu aliyelala. Nakwenda huko. Ukirudi kabla yangu, kaa kitandani, usinitafute. Nitauliza mlango mmoja mmoja mpaka niwapate.

Bibi yake