Kiganja cha Laras Juu ya Meza

Jumanne, 4 Februari

Tumepata banzi. Bi Hesti, mtaalamu wa mikono pale hospitalini, alikata kipande cha plastiki nyeupe kwa mkasi, akakitumbukiza kwenye beseni la maji ya moto mpaka kikalegea kama chapati kabla ya kuchomwa. Akakipangusa, akakijaribu kwanza shavuni mwake mwenyewe, ndipo akakilaza kwenye kiganja cha kulia cha Laras mpaka karibu na kiwiko. Akakishikilia hapo dakika nne. Kikakauka na umbo la mkono wake ndani. Mikanda mitatu ya kunata, basi. Laras akaugeuzageuza. "Nimekuwa kobe."

Kabla ya hapo alimwambia alaze kiganja juu ya meza. Hakilali. Kovu linavuta vidole kwa ndani, katikati panabaki uwazi. Bi Hesti akasimamisha rula: milimita kumi na moja. Akaandika.

Hakunitisha. Alisema kovu la moto kwa mtoto wa miaka mitatu halipumziki, linavuta mchana na usiku, na mkono nao unakua. Banzi ndilo la kulizuia. Livuliwe wakati wa kuoga, kupaka mafuta na kufanya mazoezi tu. Kiganja kikifunguka, vizuri. Kisipofunguka, baada ya Idi daktari atalikata kovu na kubandika ngozi ya paja.

Ngozi ya paja. Paja lenyewe dogo vile.

Sikuuliza mengi. Ninajua ni nani aliyeacha kikaango cha udongo kinapoa karibu na mtoto. Desemba, asubuhi, vibibi vyangu vya mchele vya kuuza vimekwisha, nikageuka kumfungia mteja wa mwisho. Kugeuka tu.

Ijumaa, 7 Februari

Mazoezi mara nne kwa siku. Kiganja chake mezani, changu juu yake, ninabonyeza nikihesabu mpaka thelathini. Leo amelia kuanzia saba. "Mama mbaya." Haya, mama mbaya. Nikafika thelathini. Kisha nikampa donge la unga wa mchele alipige makofi, akasahau. Mimi bado.

Jumapili, 16 Februari

Jirani yetu Bi Painem alileta ndizi za kuchemsha. Laras akanyoosha mkono wa kushoto. Bi Painem akairudisha ndizi nyuma kidogo, kwa tabasamu, kama watu wote wa hapa wanavyowafanyia watoto. "Mkono mtamu uko wapi?" Yaani wa kulia.

Laras akamwonyesha banzi.

"Kumbe mkono mtamu umevaa koti." Akacheka, akampa.

Lakini mama mkwe wangu aliinamisha macho. Tunaishi kwake, na yeye ndiye anayekaa na Laras ninapouza. Baadaye jikoni akaniambia huu ndio umri wa kuzoea. Akizoea kushoto sasa, nani atamtoa?

Nikasema, "Mama, mkono usipofunguka hatakuwa na wa kulia wa kuzoea."

Akaosha sufuria ambayo ilikuwa imeshaoshwa.

Baba Laras yupo leo. Lori lake la kubebea mchanga liko gereji. Nilimweleza, akasema, "Wewe na Mama mnaelewana siku zote." Akalala.

Jumanne, 25 Februari

Kumi na nne.

Nilidhani Bi Hesti amesoma rula vibaya. Akapima tena. Kumi na nne. Wiki tatu za kumliza mtoto, na uwazi umeongezeka.

"Analivaa saa ngapi kwa siku?"

"Siku nzima."

Hakubisha. Akaushika mkono wa Laras, akaupeleka dirishani, akautazama juu na chini. "Mama Laras, mtoto anayevaa banzi siku nzima ana alama za mikanda. Hapa, hapa na hapa. Huyu ngozi yake ni kama ya mtoto aliyetoka kuoga."

Niliona haya mpaka masikio yakapata moto. Akanipa maji. Akasema hatafuti mwenye kosa, anatafuta saa zilikokwenda.

Jumatano, 26 Februari

Nimezipata saa.

Nilimwachia Bi Painem meza yangu ya vibibi nikarudi nyumbani mapema. Nikapitia mlango wa nyuma. Laras amekaa mkekani, anakula wali kwa mkono wa kulia, vidole vimekunjika. Banzi liko juu ya mtungi wa mchele.

"Mama, mbona banzi liko pale?"

"Linapumzika. Mtoto anakula."

"Huwa unalivua akila?"

"Akila. Akipewa kitu. Akija mtu wa kusalimiwa." Hakuficha hata kidogo. "Dakika mbili tatu, halafu namvalisha. Ulitaka apokee kwa kushoto? Amsalimie mkubwa wa ukoo, Mzee Kromo, na hilo liplastiki?"

Sikupaza sauti. Mtoto alikuwa anakula. Nikakaa mkekani, nikamwomba Mama tuhesabu pamoja, kwa vidole vyake, sio vyangu. Chai. Andazi la saa nne. Muuza tofu anayempa kipande kila siku. Wali wa mchana. Wazee wawili wanaopita wakitoka msikitini, wa kubusiwa mkono. Matunda. Na kila mara mtoto akishafunguliwa hataki kufungwa, kwa hiyo dakika mbili zinakuwa arobaini. Vidole vya mkono mmoja vikaisha, tukaingia wa pili. Mama akaacha kuhesabu kabla yangu.

"Sikumvua kwa uvivu," akasema.

"Najua, Mama."

"Watu hawatasema mama yake anauza vibibi. Watasema bibi yake hakumfunza."

Hilo nalo ni kweli. Kweli kabisa.

Na mimi je? Ijumaa moja mwalimu wa chekechea alipopita, nilimvua Laras upesi upesi ili aushike mkono wa mwalimu na kuuweka kwenye paji la uso. Nililisukuma banzi chini ya kiti kama nguo chafu. Sikumwambia Bi Hesti. Leo sikumwambia Mama. Nimeandika hapa tu.

Alhamisi, 6 Machi

Mfungo. Ninauza alasiri, watu wanapotafuta futari. Nyumbani nimeanza jambo jipya: kijiko ninakichomeka chini ya mkanda wa mbele wa banzi. Laras anakula kwa kulia, banzi limo. Nusu ya wali inafika mdomoni, nusu inakwenda kwa kuku.

Mama alitazama siku mbili. Leo akasema, "Kuku wa nyumba hii watashindwa kutembea kwa kushiba." Akacheka. Sijamsikia akicheka tangu Desemba.

Alama za mikanda zimetokea. Tatu, nyekundu. Nimezibusu zote.

Jumamosi, 15 Machi

Leo kwenye mazoezi Laras amehesabu mwenyewe mpaka kumi na mbili, kisha akaruka hadi ishirini. Nimemrudisha kumi na tatu. Akanitazama kama ninavyomtazama mteja anayetaka nyongeza.

Nimechoka. Natamani kulala siku mbili mfululizo bila mtu kuniita.

Jumapili, 23 Machi

Mama alinisubiri nimalize kukuna nazi. Akaanza kwa mbali: sare ya Idi, kitambaa cha kijani, atamshonea Laras mikono mirefu. Kisha akafika penyewe. "Siku moja tu, mwanangu. Siku ya Idi, asubuhi mpaka jioni. Nyumba kumi na mbili za kusalimia. Mzee Kromo ana miaka themanini na saba, hajui kama atauona mwaka mwingine. Mtoto apige magoti mbele yake na mkono mtupu, kama watoto wote. Siku moja haitaukunja mkono."

Ameniita mwanangu. Haniiti hivyo mara nyingi.

Nikamwambia hapana. Nilisema kwa upole, lakini nilisema mara mbili ili nami nisikie. Siku moja itakuwa wiki, maana wageni hawaishi mpaka siku ya saba, na siku ya tisa tuna miadi.

"Basi utamweleza Mzee wewe."

"Nitamweleza mimi."

Baba Laras alikuwa mlangoni. Alitazama ndara zake kama mtu anayezinunua.

Jumatatu, 31 Machi — Idi

Ninaandika chumba cha nyuma nyumbani kwa Mzee Kromo, Laras amelala. Nyumba ya tatu hii.

Watu walipanga mstari kwa umri. Mama alimshika Laras bega. Watoto walipoanza kwenda mbele hakumwachia. Akanong'ona, "Huyu atasalimia mwaka ujao." Wenzake wakapita mmoja mmoja wakipiga magoti, wakibusu mkono, wakirudi na bahasha zao. Laras alidhani amefanya kosa. Hakulia kwa sauti, mdomo tu ulitetemeka.

Nikamtoa mkononi mwa Mama. Mbele ya watu wote. Nilisikia shangazi mmoja akivuta pumzi. Tukatembea kwa magoti mpaka kwenye kiti cha Mzee. Laras akanyoosha banzi.

Mzee haoni vizuri. Akalipapasa. Akagonga kwa ukucha.

"Nini hiki?"

"Banzi, Mzee. Aliungua. Mkono unafundishwa kunyooka."

"Nikadhani mmeniletea sahani, na hamkuweka kitu ndani."

Wakacheka. Mzee akaweka kiganja chake juu ya plastiki, Laras akainama akakigusa kwa paji. Akapata bahasha. Imekwisha hivyo, upesi kuliko nilivyoogopa.

Mama hakucheka. Alikuwa akikunja leso, akiikunjua, akiikunja. Nimemwaibisha mbele ya ukoo wake. Sijutii banzi. Ninajutia vile nilivyomnyofoa mtoto mkononi mwake.

Zimebaki nyumba tisa.

Alhamisi, 3 Aprili

Mama ananijibu kupitia kwa Laras. "Mwambie mama yako chumvi imekwisha." Chumvi ninaiona, na mimi ananiona.

Leo nilimwomba tena radhi ya Idi, ile ambayo hapa kila mtu humwomba mwenzake, peke yetu, kwa kumnyofolea mtoto. Akasema, "Nilishasamehe siku ile ile, kama inavyotakiwa." Kama inavyotakiwa. Akaendelea kupepeta mchele.

Lakini banzi hamvui. Nimeangalia alama kila jioni. Zipo.

Jumanne, 8 Aprili

Nimekuja na daftari maana foleni ni ndefu, kliniki imefunguliwa leo tu baada ya sikukuu. Mama amekuja pia. Sikumwalika. Nilipotoka na Laras alikuwa ameshavaa viatu, amekaa uani na mkoba mapajani.

Tumepimwa. Tisa.

Tisa. Nilitaka kulia, nikajizuia kwa kumfunga Laras kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka. Bi Hesti alitabasamu, kisha akasema polepole: tisa ni njia nzuri, ila bado si kiganja kilicholala. Daktari wa upasuaji ataona mwenyewe leo na kuamua, kukata au kungoja miezi sita. Na kama ni kungoja, banzi lingine, maana mkono umeshalipita la kwanza. Akamgeukia Mama. "Mchana anakaa na nani?"

"Na mimi," Mama akasema. Hakuongeza, hakupunguza.

Beseni likaletwa, mvuke ukapanda, na Laras akaukumbuka moto. Akakunja ngumi kifuani, akaificha chini ya kwapa. Nikambembeleza, nikamkaripia, nikambembeleza tena. Bi Hesti alinyoosha mkono, Laras akapiga teke. Hakuna aliyemweza.

Mama akavuta kiti mpaka mezani, akakunja mkono wa gauni. "Anza na mimi, aone."

Kwa hiyo sasa mkono wa kulia wa Mama umelala mezani, plastiki laini imeufunika kuanzia kiganjani mpaka juu ya kifundo. Bi Hesti ameifinyanga, ameifunga kitambaa ishike umbo. Banzi likimaliza kwake litarudishwa kwenye maji, lilegee, liwe la Laras. "Dakika nne usiutoe, Mama. Anakutazama wewe tu. Ukiutoa kabla, naye atautoa." Ameondoka kwenda kutafuta mikanda. Laras ameegemea goti la bibi yake, hapepesi macho. Mkono wake umetoka kwapani, ingawa ngumi bado ni ngumi.

Daktari wa upasuaji ameingia. Mtu mzima, mvi tupu, siku ya kwanza kazini tangu Idi, na anafanya kama wanavyofanya wote leo: anaanzia mlangoni, anapita kwa kila aliyemo chumbani, anampa mkono, wanaombana radhi. Karani amesimama akashika kwa mikono miwili. Wauguzi wawili. Mwanamke mwenye mtoto mgongoni.

Zimepita dakika mbili na nusu, nina saa ya ukutani mbele yangu.

Mama amemwona. Amenyoosha mgongo. Mkono wa kushoto ameuingiza chini ya mtandio, wote, mpaka kiwiko. Wa kulia uko mezani. Kidole kimoja kimesogea ndani ya plastiki, kikatulia. Laras amekiona kikisogea.

Sisemi kitu. Nikisema itakuwa mimi tena, kama kwa Mzee Kromo.

Daktari yuko kwa mzee mwenye bandeji. Anacheka naye, anamwinamia. Baada ya mzee ni Mama, na dakika nne bado.