Siku Daktari Enea alipokabidhi maabara

Ijumaa. Manyunyu tangu asubuhi, hapa mjini kwetu Mpemba kote tope, malori ya kwenda mpakani yamesimama foleni yake ile ile. Nimerudi mapema, nimemwogesha Tumaini, nimemnywesha uji, sasa ananichezea miguuni na kifuniko cha sufuria. Moyo umetulia kuliko nilivyoamka nao.

Leo Daktari Enea, mkuu wa maabara yetu, amestaafu.

Kwa wageni wa ukurasa huu: nafanya kazi maabara ya utafiti wa udongo. Msidhani ni mtaalamu, mimi ni darasa la saba. Wakulima wanaleta udongo wa mashamba yao, mimi nauanika kwenye trei, nauponda, nauchekecha, halafu wenye makoti meupe wanaupima na kumwambia mkulima shamba lake linadai nini.

Niseme ukweli, mwezi huu wote nimeishi na hofu. Daktari Enea aliniruhusu kuja na Tumaini tangu ana miezi minne. Namlaza kwenye kanga, pembeni ya chumba cha kuanikia. Sasa anayeshika nafasi ni Dada Rehema, mtafiti wetu kutoka Tanga, mtu asiyecheka ovyo. Yeye alishasema kikaoni kwamba mtoto hakai maabara. Na mimi sina wa kumwachia. Mama yangu yuko kijijini kwetu Ruanda na kahawa zake, baba Tumaini yuko njiani na lori. Kibarua kama mimi nikikosa siku mbili, anaitwa mwingine.

Basi tukakaa ukumbini, pilau na soda, Daktari akasoma mambo ya mwaka. Tumepata ithibati, maana yake majibu yetu yanaaminika popote. Mashine mpya imefungwa. Mashamba yaliyochoka kwa uchachu yamewekewa chokaa, na mahindi yamenyanyuka. Kila jambo tunapiga makofi, mpaka mikono inauma.

Akafika kwenye mambo ya mifuko.

Hapo nikainama, nikajifanya namfunga Tumaini kiatu. Maana ile habari naijua mwanzo wake. Kuna majibu yalikuwa yanatoka ya ajabu. Shamba mahindi yake ya njano, yamedumaa, lakini mashine inasema udongo umeshiba mbolea. Wataalamu wakailaumu mashine, wakaifungua, wakaifunga. Siku moja mzee mmoja wa kijiji cha Hasamba akanimwagia udongo wake kwenye trei, nikaona chembe nyeupe. Nikageuza mfuko wake. Mfuko wa mbolea!

"Mzee wangu, umetuletea udongo kwenye mfuko wa mbolea?"

"Binti, ulitaka nilete kwenye kofia?"

Sikumcheka, maana hata kwetu ni hivyo hivyo. Mfuko wa mbolea hautupwi. Unakung'utwa, unabeba mahindi, unabeba mkaa, unakaliwa. Nani angedhani zile chembe za kwenye kona zitadanganya mashine? Nikamfuata Daktari Enea, nikamwambia kwa woga. Aliweka kikombe chini, akanitazama, akatoka kwenda kuuona mfuko mwenyewe. Tangu hapo mkulima anapewa mfuko wetu msafi kwanza, ndipo akachimbe.

Leo aliisoma hiyo habari, akasema, "Na aliyeiona ni Mama Tumaini." Watu wakageuka. Nilitamani benchi linimeze.

Lakini furaha haikukaa. Baada ya chakula, Dada Rehema akaanza kupita chumba kwa chumba, kila mtu amwonyeshe kazi yake. Nikakimbilia kwangu. Nimemaliza kumlaza mtoto tu, nikasikia viatu mlangoni.

Hakutazama trei. Alichuchumaa, akapitisha kidole kwenye shavu la Tumaini, akanionyesha. Vumbi jekundu.

"Anakohoa huyu?"

Nikataka kusema hapana. Nikasema, "Wiki ya pili, Dada. Nilidhani ni baridi."

Uongo. Nilijua si baridi. Nilikuwa najidanganya kwa sababu ya kibarua. Kuandika hili kunaniuma, lakini ndiyo hivyo.

"Jumatatu mtoto haingii humu," akasema.

Machozi yakaja. Nikayazuia.

"Na wewe huingii. Utakaa naye mapokezi, pale barazani, kwenye hewa. Wakulima wakifika waanze na wewe. Mimi nikiwauliza wanasema ndiyo, ndiyo, shikamoo. Wewe unawauliza kwa Kinyiha wanakwambia mpaka mbuzi walilala wapi."

"Dada, pale kuna fomu za kujaza. Mimi nimeishia la saba."

"Kuandika tutaelekezana. Na kuugundua ule mfuko, ulisomea chuo gani?"

Kumbe anajua kutania! Nikacheka na machozi yakatoka yote pamoja. Akaniambia kesho nimpeleke Tumaini zahanati, akaondoka kukagua mashine.

Mwaka mzima nilimwona mkali, na huyo mkali ndiye aliyekisikia kifua cha mwanangu. Daktari Enea alinipa nafasi kwa huruma, Mungu ampe pumziko jema la uzee. Dada Rehema ameangalia na shavu la mtoto. Sitawapima nani zaidi.

Hofu bado ipo. Mwandiko wangu unapanda kilima. Je, nikikosea jina la mtu, udongo wake ukapewa majibu ya jirani? Nimechukua fomu moja tupu, nitajifunza kuijaza Jumapili tukitoka kanisani.

Leo sikumwambia ndiyo kwa mdomo, niliinamisha kichwa tu kukubali, kama mtoto. Jumatatu nitafika mapema, nitasimama mbele yake, niseme ndiyo, na sauti isikike.