Chrome mu silindre ya moulin yetu

Wabukire Mama,

Butembo mvua hainyamazi na baridi inauma, lakini niko na furaha sana. Ile silindre ya moulin yetu ya kusaga muhogo, iliyokuliwa na kutu ndani, niliiletea fundi mumoja huku. Zamani alikuwa soda, askari wa jeshi, kazi yake kutengeneza bunduki. Niliogopa kidogo. Nikamuuliza: "Itapona kweli?"

Akacheka: "Dada, ndani ya mudomo ya bunduki banapakaga chrome, ile chuma ya kungaa, juu moto ya risasi na kutu bisiikule. Ile kazi naijua. Sasa ninaifanyaga mu mamashini ya kusaga, juu batu bakule."

Akaitia mu dawa ya chrome, akaunga umeme juu chrome ishike ndani. Tukangojea pale, bibi yake akanipatia obundu, ugali yetu ya muhogo, na sombe ya majani ya muhogo ingali moto, nikakula mpaka nikashindwa kusimama. Wakati fundi aliitosha mu dawa na kuisafisha, nikachungulia ndani: inangaa nga kioo! Nikapiga kigelegele, batu ya pikipiki bakasimama ku barabara bakiuliza nani ameolewa.

Nakukumbatia, Mama. Pumzisha mikono yako, usitwange tena. Ambia bamama jirani ya quartier baanike muhogo, niko nakuya na silindre.

Mutoto wako,
Kavira