Betri Mbili na Pumzi za Mama Mkwe

Jumatatu, 9 Juni

Leo nimemaliza. Mimi! Niliyeacha shule darasa la sita kwa sababu mwalimu alikuwa hanielewi. Betri mbili za lithiamu zimelala nyuma ya gari langu la mizigo, na waya mnene kama kidole gumba unatoka kwenye altaneta, kile kifaa cha injini kinachozalisha umeme, moja kwa moja hadi kwenye betri hizo. Injini ikizunguka, betri zinakula. Betri zikishiba, mashine ya oksijeni ya mama mkwe inafanya kazi njia nzima. Nani mwingine kafanya hivyo mtaani hapa? Simwoni.

Daktari kasema mama asikae bila mashine hata saa moja. Na dada yake — wamebaki wao wawili tu duniani — anaishi mwendo wa saa kumi na moja kutoka hapa. Miaka tisa hawajaonana. Wakwe wengine huleta sukari. Mimi naleta safari.

Jumanne, 10 Juni

Majaribio. Mama kaketi ndani ya gari, mrija puani, kanyooka kama hakimu. Gari limesimama uani, injini inanguruma polepole. Mita ikasoma ampea tisini zinaingia! Nikaita majirani. Nikawaeleza kwamba betri za zamani hula kama mgeni, kidogo kidogo, kwa aibu, jamani nimeshiba. Hizi zinakula kama shemeji yangu. Wakacheka. Nikaunganisha na ile hadithi yangu ya kila siku, ya umeme niliofunga melini, na sikuwa nimefika hata pale nahodha anaponisifu, harufu ikaja. Kisha moshi.

Altaneta imeungua.

Mashine ya mama haikuzimika, betri ziliibeba. Akauliza kwa upole kimeungua nini. Nikasema vumbi tu, mama, vumbi la feni. Majirani wakatazama viatu vyao.

Alhamisi, 12 Juni

Nimekwenda kwa Miwani. Naandika hapa kwa kuwa hakuna atakayesoma. Miwani ni fundi umeme wa magari wa barabara ya pili, na huu mwaka wa saba nawaambia watu kwamba kubadili taa tu kunamshinda. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akanieleza kosa langu kwa sauti ya chini, wateja wake wasisikie. Ile sauti ya chini sitaisahau.

Kumbe lithiamu haina haya. Inavuta kila ilichonacho altaneta, na gari likiwa limesimama feni nayo inazunguka kivivu, basi altaneta inajipika yenyewe. Lazima katikati kuwe na chaja ya kuipimia chakula: ampea arobaini, kwisha. Altaneta ya pili kafunga yeye, chaja tumefunga wote. Vichwa vya waya nimebana mimi, na Miwani akauliza nilijifunzia wapi kubana vizuri namna ile! Nikamwambia melini. (Safari hii ilikuwa kweli.)

Nyumbani nikamwambia mama kwamba halikuwa vumbi. Akacheka hadi akakohoa, mke wangu akaja mbio kunigombeza.

"Nilijua, baba," mama akasema. "Mimi pumzi ndiyo sina. Pua ninayo."

Jumapili, 15 Juni

Tumezunguka mji saa nne nzima na mashine inanguruma. Betri zimepanda kutoka asilimia sitini hadi tisini na mbili! Altaneta ina joto la kazi, si la hasira. Zikijaa, hata injini ikizimwa, mama ana saa nane. Nimetembea barabara ya pili makusudi, polepole, mikono nyuma.

Jumanne, 17 Juni

Naandikia kwenye usukani. Tulitoka alfajiri, betri mia kwa mia, mama kavaa nguo mpya. Saa mbili asubuhi tukakuta lori limelala kifudifudi darajani. Sasa ni saa nane mchana. Kreni inakuja — ndivyo wanavyosema tangu asubuhi. Injini nawasha dakika kumi kila saa, basi. Nikiiacha ingurume hapa hapa, naogopa altaneta ijipike tena, na huku Miwani hayupo.

Kosa langu, nilishuka kunyoosha miguu. Na miguu yangu haijawahi kutembea bila mdomo. Nikawasimulia madereva wawili kuhusu gari langu lenye umeme. Baada ya muda mfupi foleni ya watu wa kuchaji simu mlangoni! Nyuma yao mwanamke na mtoto wake wa pumu, kashika mashine yake ya mvuke wa dawa, anaomba umeme wa robo saa tu.

Mke wangu alinitazama. Mama akauliza kutoka nyuma:

"Fundi, tuna ngapi?"

Nilitaka kusema sabini. Ulimi ulikuwa umeshajikunja.

"Arobaini na tatu, mama. Ni saa tatu na kidogo."

Akavuta pumzi mbili, tatu. "Basi mtoto apewe. Simu hapana."

Mtoto kakaa karibu na mama sasa, kila mmoja na mashine yake, wanatazamana kama wazee wawili barazani. Wenye simu nimewaambia sina. Mimi, sina! Mmoja kasema kumbe maneno matupu. Nimemwacha aende nayo.

Arobaini na mbili.

Kule darajani injini kubwa imewashwa. Labda kreni. Labda lori jingine tu. Watu wote wanakimbilia huko, na mimi napenda kuwa wa kwanza kuona kitu ili niwasimulie wengine. Sijaenda. Nimekaa na mita.