Kikao Kuhusu Jina la Chhun Vuthy Kwenye Mnara wa Askari

KAMATI YA MNARA WA ASKARI, PAGODA YA TRAPEANG CHHUK

Tarehe: Jumapili, 14 Juni 2009
Mahali: Chumba cha chakula cha watawa (ukumbi mkubwa unavuja)

Waliohudhuria: Heng Samorn (Mwenyekiti), Long Uy (Achar, kiongozi wa ibada), Prak Sarun (mjumbe), Chhun Phally (mjumbe), Nhem Borin (Katibu)
Mwalikwa: Meas Yoeun, wa ng'ambo ya mto
Asiyehudhuria: Tep Kosal, fundi wa mawe. Udhuru: anapanda mpunga.

KUMB. NA. 1/2009: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti alichelewa kufungua kikao kwa sababu Babu Sarun alikataa kukaa meza moja na mwalikwa. Ilikubaliwa mwalikwa akae karibu na mlango.

KUMB. NA. 2/2009: KUTHIBITISHA KUMBUKUMBU ZILIZOPITA
Babu Sarun alitaka neno "mwoga", alilolitumia kikao kilichopita, lionekane. Katibu alieleza kwamba ameliandika mara tatu na anadhani linatosha.

KUMB. NA. 3/2009: JINA LILILOBAKI
Mwenyekiti alieleza kwamba majina ya vijana wa kijiji waliokufa wakiwa askari wa serikali katika vita vya 1970 hadi 1975 yako tayari kuchongwa, isipokuwa moja. Chhun Vuthy, mdogo wake Bibi Phally, alikuwa akilinda daraja la O Kandal na hakurudi. Inasemekana alitupa bunduki akakimbilia Thailand.

Babu Sarun alisema kaka yake Sareth alikufa darajani hapo, na hatakubali akae jiwe moja na mtu aliyewakimbia wenzake. Alisema kila mtu anajua Vuthy alikuwa akiogopa hata sindano.

Bibi Phally, alipoulizwa, alijibu kwamba hana pingamizi, jina lisichongwe. Wajumbe hawakushangaa. Miaka yote hii hajawahi kumtetea.

KUMB. NA. 4/2009: MAELEZO YA MWALIKWA
Meas Yoeun alieleza kwamba wakati wa vita alikuwa na wapiganaji wa msituni, yaani upande ulioshambulia daraja. Babu Sarun alisema, "Kwa hiyo leo tumemwita mamba atueleze habari za bata."

Yoeun alijibu, "Ndiyo, babu. Mamba ndiye aliyekuwepo."

Aliendelea kwamba mwezi uliopita alisikia sokoni habari za askari aliyekimbia O Kandal, akashangaa, maana hakukimbia mtu. Askari walipozidiwa waliamriwa kuvuka kwa kuogelea. Mmoja alibaki darajani akiwazuia akina Yoeun mpaka risasi zikamwishia. Walimkuta amekufa, na Yoeun aliambiwa amzike. Jina lake hakulijua. Alichokumbuka ni chale za chui milia mgongoni, zile za kuzuia risasi. Chui yule hakuwa na miguu ya nyuma.

Bibi Phally aliuliza, "Mkia?"

"Mkia ulikuwepo, bibi. Miguu ndiyo haikuwepo."

Bibi Phally alieleza polepole kwamba mdogo wake alishindwa kuvumilia sindano za mchora chale, akatoroka kazi haijaisha. Yeye ndiye aliyemwosha mgongo kwa maji ya chumvi. Hakuna mwingine aliyeiona michoro ile, kwa kuwa Vuthy aliona aibu na tangu hapo alikuwa akioga mtoni na shati lake.

KUMB. NA. 5/2009: MAJADILIANO
Babu Sarun aliondoa pingamizi lake. Alisema jina lichongwe juu kabisa, kabla ya la kaka yake. Kisha akamgeukia Bibi Phally: "Dada, mdogo wako alikuwa mwanamume. Furahi."

Katibu anaandika jibu kama lilivyotolewa, maana hakuona namna ya kulifupisha.

"Nifurahie nini, Sarun? Ulipokuwa ukimwita mwoga, mimi nilikuwa nalala usingizi. Mwoga yuko hai. Mwoga ana mke huko Thailand, ana wajukuu, amenenepa, anaona haya kurudi. Kila ulipomtukana nilisema moyoni, endelea, baba, endelea. Nimewahi kukujibu hata siku moja?"

Babu Sarun alikiri kwamba hajawahi kujibiwa.

Bibi Phally alisema kwamba kila mwaka kwenye Pchum Ben, tunapowalisha wafu wetu, huleta wali na kuwaita baba na mama. Vuthy hakumwita kamwe, kwa sababu ukimwita mtu aliye hai miongoni mwa wafu umemuua kwa mdomo wako. "Wenzake wanaitwa, wanakula. Yeye anazunguka pagoda hadi pagoda anasikiliza, hasikii jina lake. Na mimi dada yake ananiona nimekaa pale pale, nimeshika bakuli."

Achar alisema kosa si lake, kwani hakujua. Bibi Phally aliuliza, "Na yeye alijua kwamba sijui?"

Bibi Phally aliomba mdogo wake aitwe leo. Achar alieleza kwamba Pchum Ben ni Septemba, na kabla ya hapo wafu hawajafunguliwa kuja. Babu Sarun alisema, "Achar, usituletee kalenda. Mtu ana njaa." Akaenda jikoni mwenyewe, akarudi na wali, akaanza kuufinyanga matonge. Mengine yalivunjika, akayafinyanga upya.

Ilikubaliwa: (a) Jina la Chhun Vuthy lichongwe. (b) Wali utolewe leo, nje ya msimu, kwa idhini ya Achar. Uamuzi huu usichukuliwe kuwa mfano kwa vikao vingine.

KUMB. NA. 6/2009: KUFUNGA KIKAO
Wajumbe walikwenda nyuma ya pagoda, chini ya ukuta. Yoeun alibaki mlangoni. Bibi Phally alimwambia, "Njoo na wewe. Wewe ndiye uliyemlaza."

Achar alimwelekeza Bibi Phally aite jina kamili, kama litakavyokuwa kwenye jiwe. Alilianza mara mbili, akaliacha katikati. Mwishowe akatupa tonge la kwanza na kumwita Map, yaani kibonge, jina alilompa alipokuwa akimbeba mgongoni.

Alisema, "Map, njoo ule. Dada amechelewa."

Kwa kuwa hakuna aliyerudi mezani, kikao kilihesabiwa kuwa kimefungwa hapo ukutani, saa 5:10 asubuhi.

Heng Samorn                         Nhem Borin
MWENYEKITI                         KATIBU